Jicho la Yustina na Chupa ya Hadina

Hadina, ile dawa ya kugandishia faiba, haina rangi. Mimina kidogo kwenye glasi, mimina maji kwenye glasi nyingine, ziweke zote mezani, na mtu anayepita hatajua ipi ya kunywa na ipi ya kumuunguza koo. Ninyi mliobaki karakana mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo la kwanza nililofundishwa, na ndilo mkubwa wetu alilokataa kulielewa mpaka mtu akaumia.

Nani alipanda cheo mwaka gani sitaandika. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yana watu wake.

Jina langu mnalijua, Gervas Ntahondi, mzaliwa wa Kibondo. Kabla ya kazi hii nilikuwa fundi bomba kwa miaka mingi, mtu wa chuma, spana na msumeno. Mwaka 2012 mradi wa maji ulifungua karakana Kasulu, njia ya kwenda Makere, ya kutengeneza vitu vya faiba: matangi madogo, vifuniko vya matangi na slabu za vyoo kwa ajili ya vijiji na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nikawekwa msimamizi na kupewa funguo za stoo. Kuhusu faiba sikujua lolote.

Siku ya kwanza harufu ilinipokea mlangoni. Harufu ya rezini, ule utomvu mzito unaopakwa kwenye faiba, ni tamu na kali kwa pamoja, na inakaa kooni hata ukifika nyumbani. Mke wangu aliniuliza nimekunywa nini. Faiba nayo ni vioo vilivyofumwa kama kitambaa. Nilikunja mikono ya shati kama mtu mwerevu, na jioni nilijikuna kama mwenye upele.

Aliyenifundisha ni Papa Asukulu, Mkongo kutoka Baraka, aliyekuwa akitengeneza maboti ya faiba huko kwao kabla ya vita kumleta Nyarugusu. Alikuja karakana kwa kibali kutoka kambini, na kila baada ya muda kibali kilitakiwa kuandikwa upya. Alikuwa mfupi, mtaratibu, na hakupenda kusema jambo mara mbili.

"Ndugu Gervas," aliniambia siku hiyo, "hii rezini ni kama asali. Bila hadina, itabaki asali mpaka mwezi uishe. Ukiweka hadina kidogo, itakauka nguvu kama mufupa. Ukiweka mingi, utaona."

Akanionyesha. Alitia rezini kwenye kopo la bati, akalipeleka katikati ya uwanja mbali na majani, akamimina hadina mara nne ya kipimo, akarudi nyuma na kunivuta shati nami nirudi. Tukasubiri. Kopo likaanza kutoa moshi mweupe, rezini ikatutumka, ikageuka rangi ya chai, kisha ikapasuka kwa mlio kama kuni mbichi motoni. Nilipotaka kulishika baadaye alinizuia. Joto lake lilisikika kwa mtu aliyesimama hatua mbili.

"Moto sikuweka," akasema. "Moto imetoka ndani yake."

Hivyo ndivyo nilivyoelewa kipimo. Kwa kilo ya rezini tulitia mililita kumi mpaka ishirini, kutegemea ubaridi wa siku, na tulipima kwa bomba la sindano, kamwe si kwa macho. Ile dawa nyingine ya zambarau, ya kuharakisha, ilitangulia kuchanganywa kwenye rezini mpaka ipotee kabisa, ndipo hadina ifuate. Zenyewe kwa zenyewe, zambarau na hadina, zisikutane hata tone, kwa sababu hapo si moshi tena, ni mlipuko. Papa Asukulu aliziweka kwenye stoo mbili tofauti na kuniambia nisitumie hata faneli moja kwa zote. Vitambaa vilivyofutia hadina tulivitumbukiza kwenye ndoo ya maji, maana vikirundikwa pembeni huweza kuwaka vyenyewe. Dumu la hadina likae kivulini, mbali na kutu na vumbi la chuma.

Akanionyesha pia kifuniko cha dumu. Kilikuwa na njia ndogo ya hewa.

"Hii produi, hii dawa, iko inapumua," alisema. "Inatoa hewa yake pole pole, na ikisikia joto inatoa mingi. Ndiyo maana kifuniko ina pua. Ukiifungia ndani ya kitu haina pua, unajitafutia mambo. Mukono ikiguswa utaosha, itapona. Jicho, unahesabu sekunde."

Mkubwa wa mradi nitamwita Meneja, kwa sababu ndivyo alivyotaka aitwe, hata na watu waliomzidi umri. Alikuwa kijana msomi mwenye shati safi, na sikuona ubaya wake mwanzoni. Alitupangia kazi, akaleta gari kwa wakati, akaandika ripoti nzuri. Ripoti zake zilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichokitengeneza.

Mnamo Julai 2013 baridi ilishuka Kasulu kama kawaida yake. Asubuhi ukungu ulikaa uwanjani mpaka saa tatu, na rezini ikachelewa kukauka. Tangi lililopaswa kutoka kwenye kalibu asubuhi lilitoka jioni. Meneja akaja na saa mkononi.

"Ongezeni hadina," akasema. "Zidisheni mara mbili tumalize oda."

"Meneja, itaiva nje, ndani itapasuka," Papa Asukulu akamjibu. "Tungojee jua, ao tuwashe jiko ile chumba ingine, joto ifike kidogo."

"Mzee, mimi nina tarehe ya kupeleka. Wewe una maoni."

Papa Asukulu aliweka bomba la sindano mezani akatoka nje. Meneja akamimina mwenyewe. Matangi yalitoka kwa wakati, yakapigwa picha, na moja likaenda shule ya Gwarama. Baada ya majuma machache mwalimu mkuu akapiga simu. Tulisafiri kupitia Kibondo, tukakuta tangi limechanika kutoka katikati kama nyota, maji yote yamekwenda, na wanafunzi wamerudia kuteka bondeni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, alitutazama tukishuka na vifaa.

"Hebu niambieni," alisema, "mlituletea tangi au mlituletea yai?"

Tuliliziba upya kwa siku mbili. Niliporudi nilikuta ripoti imekwisha andikwa: tangi liliharibiwa na watoto kwa kupiga mawe. Nilienda ofisini na kipande cha ule ufa mkononi. Meneja alikitazama kwa heshima, akaniambia mambo ya ripoti yana utaratibu wake, akakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Nilinyamaza. Naandika hapa kwamba nilinyamaza, kwa kuwa mtu aliyezoea kuandika uongo mdogo bila kupingwa hupata ujasiri wa kuandika mkubwa.

Nawaeleza na habari ya miwani ya kazi, ile ya kufunika macho pande zote. Katoni nzima ililetwa. Tulivishwa siku wageni wa mradi walipokuja, tukapigwa picha, na wageni walipoondoka ikakusanywa ikafungiwa kwenye kabati la ofisi, isije ikachakaa. Nilipoiomba niliambiwa tuitunze. Sijui tulikuwa tunaitunzia nani.

Bomba la uwanjani nalo lilikuwa kavu. Mtambo wa kuchimba mtaro wa jirani ulikata njia yetu chini ya ardhi, na tangu hapo tulitumia maji ya ndoo kutoka kwa majirani. Niliandika barua tatu kuomba ruhusa ya kuchimba na kuunga. Kila mara nilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Karakana ya matangi ya maji haikuwa na maji, na mimi, fundi bomba, nilipita juu ya ule mkato kila asubuhi nikisubiri karatasi.

Mwaka 2014 oda ziliongezeka, na Meneja akagawa watu vikundi viwili, kimoja Kasulu na kingine Kibondo. Hadina ilikuwa ndani ya dumu moja kubwa. Akatoa amri igawanywe kwenye chupa za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu, kila kikundi kipewe zake.

"Haiwezekani," nilimwambia. "Chupa ile haina pa kutolea hewa. Na mtu anaweza kuinywa."

"Andika juu yake."

"Kuandika hakutaipa pua ya kupumulia."

"Mzee Ntahondi, kila jambo kwako lina shida. Tunataka suluhisho."

Nilipendekeza tuagize madumu madogo ya kiwandani yenye kifuniko chake. Akasema yatachelewa. Nikasema basi kikundi cha Kibondo kisubiri. Akasema kikundi hakiwezi kusubiri dumu. Na mimi nikachukua faneli nikamimina. Mikono iliyomimina ni hii ninayoandikia. Niliandika HATARI kwa wino mwekundu kwenye kila chupa, nikawaambia wote wasivikaze vifuniko, nikadhani nimefanya ya kutosha.

Meneja aliona chupa zenye vifuniko vilivyolegea kwenye gari, akaona zitamwagika barabarani, akazikaza mwenyewe moja moja. Hilo nililijua baadaye, kwa dereva.

Yustina alikuwa mwenyeji wa Munanila, mama wa watoto watatu, na kwa kupaka rezini hakuna aliyemfikia. Brashi yake haikuacha kipovu. Alipenda kuimba taratibu kwa Kiha akiwa kazini, na ukimkosea alikuambia papo hapo, kisha yakaisha. Ilikuwa mchana wa Septemba, jua kali, siku gari liliporudi kutoka Kibondo na chupa mbili zilizobaki. Zilikuwa zimekaa nyuma ya gari tangu asubuhi. Dereva alizishusha akaziweka kwenye meza ya kazi. Yustina akachukua moja. Aliniambia baadaye kwamba aliihisi ngumu kama mpira uliojazwa, akainyanyua karibu aone kilichoandikwa, akazungusha kifuniko polepole kama tulivyofundishwa.

Nilisikia mlio mfupi, kama soda inapofunguliwa. Kisha nikasikia brashi ikianguka, na Yustina akisema kwa sauti ya chini, "Yooo, Baba, amaso yanje." Macho yangu.

Nilimkimbilia. Papa Asukulu alikuwa amenitangulia. Alimkamata mikono asijifikiche.

"Maji," alisema. "Gervas, maji."

Ndoo ya kunawia ilikuwa na maji ya chini kabisa, yenye vumbi la msasa. Nilikimbilia ndoo ya kunywa, nikaimimina yote usoni pake. Ikaisha. Mtu mmoja alikwenda kwa jirani na ndoo mbili, na nyumba ya jirani iko upande wa pili wa barabara. Tulisimama pale tukiwa tumezungukwa na matangi mapya, makubwa, makavu.

Papa Asukulu aliniachia Yustina, akaenda ofisini. Meneja alikuwa mjini na ofisi imefungwa. Dirishani zilionekana katoni za maji ya wageni. Alichukua nyundo akavunja kitasa kwa mapigo matatu, akarudi na katoni begani.

"Fungula macho, mama," alimwambia. "Najua inauma. Fungula, maji iingie. Mimi niko hapa."

Alimwagia chupa baada ya chupa, jicho moja, kisha jingine, mimi nikimshika kope kwa vidole. Yustina aliyafungua. Tuliendelea hata ndani ya gari, mpaka hospitali ya misheni. Mganga aliyetupokea aliuliza ilikuwa dawa gani, akauliza tuliosha baada ya muda gani. Nilimwambia ukweli. Akaendelea kuosha.

Jicho la kushoto lilipona. La kulia liligeuka jeupe kama ganda la yai, na halikurudi.

Siku ya nne Meneja aliniita ofisini. Mlango ulikuwa na kitasa kipya. Hicho kilipatikana ndani ya siku nne. Mezani kulikuwa na ripoti mbili zinazosubiri sahihi yangu kama shahidi. Ya kwanza ilisema ajali ilisababishwa na uzembe wa mfanyakazi aliyefungua kemikali bila kuvaa miwani aliyopewa. Ya pili ilisema mkimbizi Asukulu alivunja ofisi na kuchukua mali ya mradi.

Nilizisoma mara mbili, si kwa sababu hazikueleweka.

"Miwani ilikuwa wapi siku ile?" nikamuuliza.

"Ilikuwepo."

"Wapi?"

"Mzee, umebakiza mwaka na kidogo ustaafu kwa heshima. Hili ni jambo la karatasi tu. Yustina atapata msaada wake vilevile."

"Na Papa Asukulu?"

"Huyo alivunja mlango. Wewe mwenyewe uliona."

"Niliona," nikasema. "Niliona akivunja mlango kutafuta maji kwenye karakana isiyo na maji. Andika hivyo nitie sahihi hata mara kumi."

Hakuandika. Niliomba karatasi tupu, akasema zimekwisha. Nikaenda dukani kwa mzee Swalehe pale mjini, nikanunua daftari, nikaandika yote: barua tatu za bomba, kabati la miwani, vifuniko vilivyokazwa, na mikono yangu iliyomimina. Dereva alitia sahihi chini ya yale aliyoyaona. Tukayatuma makao makuu.

Walikuja watu wawili. Walikuwa na adabu, waliuliza vizuri, wakatembezwa uwanjani. Yustina aliitwa naye, bado na bandeji. Mmoja akamsomea ile sentensi ya uzembe na kumuuliza kama ana la kusema.

"Nina swali," Yustina akasema. "Nilifungua chupa niliyopewa, kwa namna niliyofundishwa, ili nifanye kazi niliyotumwa. Mngenishauri nizembee wapi?"

Yule mtu alifunga faili. Nilidhani jambo limekwisha, na kweli lilikwisha, lakini si kama nilivyodhani. Meneja alihamishiwa mradi mwingine, akafanyiwa sherehe ya kumuaga yenye pilau, na sentensi ya uzembe ikabaki kwenye faili kama ilivyoandikwa. Kibali cha Papa Asukulu kilipomalizika muda hakikuandikwa kingine. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Siku moja tu hakuruhusiwa kutoka kambini kuja kazini, na kesho yake hivyohivyo, na mtu bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi akaishia kuuza mihogo kwenye soko la Nyarugusu.

Yustina alirudi kazini baada ya miezi. Kwa jicho moja alikosea umbali, akawa anagusa ukingo wa kalibu kwa kidole kwanza kabla ya kupaka. Hakuimba.

Halafu mwaka 2015 Warundi wakaanza kumiminika, maelfu kwa maelfu, na Nyarugusu ikafurika. Oda za slabu za vyoo zikaja kwa mkupuo. Meneja mpya, mama mmoja aliyetoka Dodoma, alitukusanya asubuhi akatueleza hali ya kambini, watu wanavyojisaidia vichakani na hofu ya magonjwa. Alisema kweli.

Yustina ndiye aliyesimama. Akavua glavu akaziweka juu ya kalibu.

"Mama, tutafanya kazi usiku na mchana," alisema. "Lakini leo sitagusa rezini mpaka bomba lile litoe maji na kila mtu avae miwani. Nimebakiwa na jicho moja."

Nami nikavua zangu. Mkavua wote. Nilijua nyuma yetu kuna watoto wanaoharisha kwenye tope, na sikuona raha hata kidogo kusimama pale. Nilikuwa na hasira kwamba tumefikishwa mahali pa kuchagua kati ya macho yetu na vyoo vya watu wasio na kosa.

Meneja mpya alituuliza bomba lina shida gani. Nikamwonyesha. Akauliza linahitaji nini. Nikamwambia mabomba mawili, viungio, na ruhusa ya kuchimba. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie orodha.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akapiga simu moja. Saa nne vifaa vilikuwa mlangoni. Tulichimba kwa zamu, nikaunga, na kabla ya saa nane mchana maji yalitoka, machafu kwanza, kisha safi. Kabati likafunguliwa, kila mtu akapewa miwani yake na jina lake juu. Jioni ile tulitoa slabu nyingi kuliko siku yoyote.

Jumapili iliyofuata niliomba kibali cha kuingia kambini nikamtafuta Papa Asukulu sokoni. Alikuwa amekaa kwenye kigogo akimenya mihogo. Nilimweleza jinsi ilivyokuwa, glavu, simu, mtaro, maji. Kisu chake kikasimama.

"Siku moja?" akauliza.

"Si siku nzima. Kabla ya saa nane."

Akaurudia ule muhogo, akamaliza kuumenya. Kisha akaniuliza habari za Yustina, kama siku hizi anaimba.

Nikamwambia bado.